Kejeli na Buriani: Somo la Kuondoka kwa Mkuu wa Telstra



Katika mazungumzo yetu ya leo tumekusudia kuitazama haki ya mtu tusiyempenda. Kumfanyia insafu tumpendaye ni jambo jepesi, kwani mapenzi yenyewe humtetea. Mtihani upo kwa yule aliyetuudhi, aliyekuwa na nguvu juu yetu, kisha siku moja tukasikia kwamba anaondoka. Hapo ndimi hufunguka, na hapo ndipo uadilifu wa watu hupimwa.

Hatukupenda kulizungumza jambo hili bila ya mfano. Tumechagua tukio la mbali, lililotokea nchini Australia mwaka 2009, na tumelichagua la mbali kwa makusudi. Mtu akitajiwa ugomvi wa mtaani kwake, huchukua upande kabla ya kusikiliza. Akitajiwa ugomvi wa ng'ambo, husikiliza kwanza, na huenda akahukumu kwa haki.

Tarehe 26 Februari 2009, kampuni kubwa ya simu ya Australia, Telstra, ilitangaza kwamba mtendaji wake mkuu, Sol Trujillo, angeacha kazi katikati ya mwaka huo. Alikuwa ameishika kazi hiyo tangu tarehe 1 Julai 2005. Ni Mmarekani, mzaliwa wa mji wa Cheyenne katika jimbo la Wyoming, wa ukoo wenye asili ya Mexico. Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, Kevin Rudd, alipotakiwa aseme lolote juu ya kuondoka kwake, alijibu kwa neno moja tu la Kihispania: "Adios." Watu wakacheka, na neno hilo likaenea kuliko hotuba ndefu.

Ndugu zetu, neno hilo kwa asili yake ni neno jema. Ni la kuagana, na ndani yake mna kumkabidhi msafiri kwa Mungu. Lakini neno hupata maana kutoka kwa mahali liliposemwa. Waziri Mkuu hakuwa Mhispania, wala Trujillo hakuwa amekuja Australia kutoka nchi ya Kihispania. Alikuja kutoka Marekani, akizungumza Kiingereza kama wenyeji wake. Kwa nini basi aagwe kwa lugha ya asili ya wazee wake? Isitoshe, neno hilo halikuwa la kwanza. Kwa miaka yote minne, yeye na wasaidizi wawili aliokuja nao kutoka Marekani waliitwa "amigos", yaani maswahiba kwa Kihispania. Wachoraji wa katuni walimchora amevaa kofia pana ya Kimexico, mara nyingine akiwa na punda.

Sisi katika lugha yetu tuna neno buriani. Wazee wetu wakitakana buriani hawapungiani mikono tu. Kila mmoja humwomba mwenzake radhi, humtaka amsamehe alilomkosea, na deni hutajwa kabla ya safari ili lisije likabaki shingoni. Kwa hivyo buriani ni kuhesabiana haki. Nasi leo tunataka kuipima kejeli ile kwa mizani ya buriani, na kuuliza: Trujillo alikuwa na haki gani juu ya watu wa Australia, walikuwa na haki gani juu yake, na je, kulikuwa na mdaiwa mwingine ambaye kicheko kilimsaidia kujificha?

Ili tuhukumu kwa ujuzi, hatuna budi kwanza kuijua kampuni yenyewe.

Kwa muda mrefu simu nchini Australia ilikuwa mali ya serikali. Mwaka 1975 huduma hiyo ilitenganishwa na posta, likaundwa shirika lililojulikana kama Telecom Australia, ambalo katika miaka ya 1990 lilichukua jina la Telstra. Shirika hilo, kwa fedha za umma, ndilo lililofikisha waya za shaba karibu katika kila nyumba, mijini na mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya pili, Optus, ilipewa leseni, na tarehe 1 Julai 1997 soko likafunguliwa kwa kila mwenye uwezo.

Lakini tuzingatie hapa. Kilichofunguliwa ni mlango wa soko, ama waya zenyewe zilibaki kwa mwenyewe wa zamani. Hebu tupige mfano wa kijiji chenye kisima kimoja. Mwenye kisima huuza maji kwa ndoo nyumba kwa nyumba. Serikali ya kijiji inatangaza kwamba kuanzia leo kila mtu ana ruhusa ya kuuza maji, lakini kisima kinabaki cha yule yule, naye anaendelea kuuza ndoo zake. Anayetaka kushindana naye hana budi kwanza kwenda kwake kununua maji. Je, mwenye kisima atampa maji mazuri, kwa bei nafuu na kwa wakati? Hata akiwa mtu mwema, maslahi yake yanamvuta upande mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Telstra: ikiwauzia washindani wake kwa jumla, na ikishindana nao kwa rejareja. Huo ndio ukiritimba uliobaki ndani ya soko lililoitwa huru.

Kisha serikali ikaiuza kampuni hiyo kwa mafungu matatu. Mwaka 1997 iliuza theluthi moja, na mwananchi wa kawaida akanunua hisa kwa dola 3.30 za Australia. Mwaka 1999 ikauza fungu la pili kwa dola 7.40. Mwaka 2006 ikauza fungu kubwa la mwisho kwa dola 3.60, na sehemu iliyobaki ikaiweka katika mfuko wake wa akiba. Tazameni tofauti ya bei hizo. Mzee aliyetoa akiba yake mwaka 1999 akanunua kwa dola 7.40, miaka saba baadaye alimwona jirani yake akinunua hisa ile ile kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, nasi hatuyadharau. Lakini wakati anauziwa, Trujillo hakuwapo. Muuzaji alikuwa serikali, na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotunga sheria za soko na kuweka wasimamizi wake. Iliiuza kampuni ikiwa nzima, waya pamoja na duka, kwani kampuni inayomiliki waya zote ina thamani zaidi machoni mwa mnunuzi kuliko iliyogawanywa.

Baada ya kuyajua hayo, sasa tufanye hesabu ya buriani.

Kwanza, haki za watu juu ya Trujillo. Hizi si chache, wala hatutaki kuzipunguza. Mwezi Novemba 2005 alitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000 katika muda wa miaka mitano. Nyuma ya hesabu hiyo kuna nyumba na watoto. Wakati huo huo, katika mwaka wa fedha wa 2007 hadi 2008, malipo yake yeye binafsi yalipita dola milioni 13 za Australia. Katika mkutano mkuu wa wanahisa wa mwaka 2007, kura nyingi zilipigwa kuyapinga malipo ya wakuu wa kampuni, lakini kwa mujibu wa sheria kura hizo zilikuwa za ushauri tu, na bodi haikulazimika kuzifuata. Mwenye mali alisema hapana, na mwajiriwa wake akaendelea kulipwa. Hilo ni jambo la kuulizwa.

Aidha, aliingia katika ugomvi usiokwisha na serikali na wasimamizi wa soko. Kampuni ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ikidai kwamba kulazimishwa kuwakodisha washindani waya zake ni kunyang'anywa mali. Mwezi Machi 2008 mahakama iliikataa hoja hiyo. Mwezi Aprili mwaka huo serikali iliitisha zabuni ya kujenga mtandao mpya wa intaneti ya kasi kwa nchi nzima. Washindani walileta mipango mirefu, ama Telstra ilipeleka waraka wa kurasa 12, bila ya kuambatanisha mpango wa kuvishirikisha viwanda na biashara ndogo, ambao ulikuwa ni sharti. Tarehe 15 Desemba 2008 ikatolewa katika zabuni, na siku hiyo moja thamani ya hisa zake ikaanguka kwa karibu asilimia 12. Hiyo ndiyo gharama ya kiburi, na waliolipa ni wenye hisa.

Pili, haki zake juu ya watu. Wazee wetu wamesema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Trujillo hakuwa mnyonge wa mali, lakini methali hii haikuweka sharti la umaskini. Chini ya uongozi wake, Telstra ilijenga mtandao mpya wa simu za mkononi ulioitwa Next G, uliozinduliwa mwezi Oktoba 2006 baada ya ujenzi wa miezi kama kumi tu. Mtandao huo uliwafikia zaidi ya asilimia 98 ya watu wa nchi ile pana, wakiwemo wakulima na wafugaji wa mbali ambao makampuni mengine hayakuona faida ya kuwafuata. Ni huduma ya kweli, na aliyefaidika nayo hana sababu ya kuikana.

Haki yake ya pili ni kwamba mwaka 2005, mara tu baada ya kufika, kampuni iliiambia serikali jambo ambalo serikali haikupenda lisikike: kwamba uwekezaji katika mtandao ulikuwa haukutosha kwa miaka, na kwamba akiba ilikuwa ikichotwa ili kuwalipa wanahisa gawio. Habari hizo zilipojulikana kwa umma, bei ya hisa ilishuka. Msaidizi wake mmoja hata alisema hadharani kwamba hisa hizo hangemshauri mama yake azinunue. Watu wengi walikasirikia ulimi wao. Sisi tunauliza: je, kosa ni la aliyeonyesha nyufa za ukuta, au la waliozipaka chokaa na kuuza nyumba?

Na haki yake ya tatu ni kupimwa kwa kipimo cha wakati wake. Hisa zilikuwa na bei ya zaidi kidogo ya dola 5 alipoingia, na alipokuwa anaondoka zilikuwa katika dola 3 na senti. Wengi walilitaja anguko hilo kama hukumu yake. Lakini mwaka 2008 dunia nzima iliingia katika msukosuko wa fedha, na masoko ya hisa yakaporomoka London, New York na Sydney. Si insafu kumbebesha mtu mmoja mzigo wa dunia, kama ambavyo si insafu kumwondolea mzigo wake mwenyewe.

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu: mdaiwa aliyejificha. Mwezi Mei 2009, akiwa amekwisha ondoka Australia, Trujillo alihojiwa na BBC akasema kwamba alikutana na ubaguzi wa rangi na asili katika nchi ile. Akaulizwa juu ya ile "adios", naye akaihesabu kuwa sehemu ya jambo hilo. Nchini Australia wengi walihamaki. Walisema kwamba hasira yao ilikuwa juu ya matendo yake, malipo yake na bei zake, wala si juu ya asili yake.

Sisi tunasema kwamba kauli hizi mbili hazipingani. Mtu anaweza kuwa ameongoza vibaya na wakati huo huo akawa amedhulumiwa. Hapana shaka walikuwapo wengi waliomkasirikia kwa sababu ya haki, mteja aliyechoka na ankara, mfanyakazi aliyepoteza kazi, mstaafu aliyeona akiba yake ikiyeyuka. Lakini je, ile kofia ya katuni ilikuwa na uhusiano gani na ankara? Yule punda alihusika vipi na kura za wanahisa? Aliyekuwa na hoja alikuwa na dola milioni 13 za kuzitaja, kurasa 12 za kuzitaja, na wafanyakazi 12,000 wa kuwatetea. Hakuwa na haja ya nasaba ya mtu.

Na madhara ya kejeli ya nasaba hayakumpata mkejeliwa peke yake. Yalimpata mkejeli pia, kwani iliiharibu kesi yake. Mshtaki anayechanganya ushahidi na matusi humpa mshtakiwa mlango wa kutokea. Mjadala uliokuwa uhusu waya, bei, malipo na sheria ukahama, ukawa ni mjadala wa kama Waaustralia ni wabaguzi au si wabaguzi. Katika vumbi la mjadala huo, walionufaika ni wale waliouza kisima na ndoo kwa pamoja, wa chama hiki na cha kile, wakakaa kimya kana kwamba ukiritimba ule uliletwa na mgeni ndani ya mkoba wake.

Yaliyofuata yanathibitisha haya tunayoyasema. Mwezi Mei 2009 kampuni ilipata mtendaji mkuu mpya, David Thodey, na mwenyekiti wa bodi naye akaondoka. Je, mambo yalitengenea kwa kuondoka kwa mtu? Mwishoni mwa mwaka 2010 bei ya hisa ilikuwa chini ya dola 3, chini kuliko alivyoiacha Trujillo. Mgeni alikuwa amekwenda, na tatizo lilikuwa limebaki nyumbani.

Lililobadilisha hali ni kazi nyingine, isiyochekesha. Tarehe 7 Aprili 2009 serikali iliivunja ile zabuni na kutangaza kwamba itaunda kampuni ya umma kujenga mtandao mpya, kwa makadirio ya dola bilioni 43. Mwezi Septemba mwaka huo ilileta pendekezo la kuitenganisha biashara ya jumla ya Telstra na ile ya rejareja, na mwezi Novemba 2010 Bunge likapitisha sheria. Mwaka 2011 ukatiwa saini mkataba wenye thamani ya takriban dola bilioni 11, ambao kwa huo Telstra ilikubali kuwahamisha wateja wake kutoka katika waya zake za zamani kwenda katika mtandao wa umma. Mtandao huo ulibadilishwa mipango njiani, ukachelewa, na ukatangazwa kukamilika mwezi Desemba 2020. Zaidi ya miaka kumi na moja ilihitajika kuondoa kilichoachwa mwaka 1997, ilhali kumwondoa mtu kulichukua miezi michache. Nguvu iliyowekwa na sheria huondolewa na sheria, na kicheko hakijawahi kuiondoa.

Ndugu zetu, tunatoka na nini katika kisa hiki? Tunajua kwamba katika miji yetu pia wakubwa huondoka: wa makampuni, wa mashirika ya umma, wa halmashauri, hata wa taasisi zetu ndogo. Nasi tumesikia, mkubwa anapoanguka, jinsi baraza zinavyochangamka. Kabla ya kutajwa alichokifanya, hutajwa alikotoka: huyu wa bara, yule wa pwani, yule Mhindi, yule Mwarabu, yule mgeni wa mpakani. Mwenye kusema huona anaisaidia haki, kumbe anaipokonya nguvu.

Tunausia basi tujizoeze maswali matatu kila anapoondoka mwenye madaraka. La kwanza: alifanya nini hasa, kwa tarehe na kwa hesabu, la kheri na la shari? La pili: ni nani aliyempa uwezo wa kufanya aliyoyafanya, na je, huyo naye ameulizwa? La tatu: kiti alichokiacha kimebaki na nguvu zile zile, au kimepunguzwa? Swali la kwanza linamhifadhi mtu asidhulumiwe. La pili linawahifadhi watu wasidanganywe. La tatu linamhifadhi atakayekuja, asikalishwe katika kiti kitakachomharibu kama kilivyomharibu aliyemtangulia.

Na ikiwa tumedhulumiwa na mtu, tudai haki yetu kwake waziwazi, kwa ushahidi, bila ya woga. Tusimsamehe deni la umma, kwani si letu la kusamehe. Lakini tusimkate zaidi ya deni lake, hata kwa neno moja. Trujillo alistahili kuulizwa maswali magumu na kujibiwa kwa hesabu. Badala yake alipewa mzaha juu ya wazee wake, na wale wastaafu wa mwaka 1999 hawakurudishiwa hata senti moja kwa mzaha huo.